Ulimi wa Mwindwa: Kutoka Hadithi za Unguja hadi Senema za Katuni

Katika hadithi za Unguja alizozichapisha Edward Steere mwaka wa 1870 kimo kisa cha kima aliyepakiwa mgongoni na papa, akaambiwa katikati ya bahari kwamba moyo wake ndio unaotakiwa. Kima akajibu kuwa kima hawatembei na mioyo yao, huiacha mitini. Papa akamrudisha pwani, na hapo akampoteza. Msomaji ataona kwamba mnyonge huyo hakuwa na mbio wala meno. Silaha yake ilikuwa sentensi moja.

Wachoraji wa senema za Marekani walipoishika hadithi ya namna hii, waliuondoa ulimi. Tarehe 10 Februari 1940 kampuni ya MGM ilitoa Puss Gets the Boot, kazi ya William Hanna na Joseph Barbera. Paka wake, aliyeitwa Jasper kabla ya kuitwa Tom, ameonywa na mtumishi wa nyumba kuwa akivunja kitu kimoja zaidi atafukuzwa. Panya hasemi neno. Aishika bilauri tu, tayari kuiangusha. Kima alimshinda papa kwa maneno. Panya amshinda paka kwa kuijua sheria ya nyumba.

Aliyekwenda mbali zaidi ni Chuck Jones wa Warner Bros., akisaidiana na mtunzi Michael Maltese. Filamu yao Fast and Furry-ous ilitoka tarehe 17 Septemba 1949. Humo koyote, mnyama wa jamii ya mbwa anayefanana na bweha, amfukuza ndege wa jangwani aitwaye Road Runner. Ndege ana mlio mmoja tu, uliotolewa na Paul Julian, aliyekuwa mchoraji wa mandhari katika karakana ile ile. Koyote ni bubu. Majina yao huandikwa kwa Kilatini cha mzaha: ndege ni Accelleratii Incredibus, koyote ni Carnivorous Vulgaris. Miisho hiyo ni ya Kilatini, lakini imebandikwa kama viraka. Mwanafunzi wa sarufi hawezi kuitazama bila kucheka. Na kuna mzaha mwingine ambao sijui kama walioitengeneza waliukusudia: jina la koyote katika sayansi ni Canis latrans, yaani mbwa abwekaye. Tena kwa kweli koyote humpita ndege huyo kwa mbio, karibu mara mbili.

Jambo kubwa, kwa maoni yangu, si ububu wenyewe bali ni upande anaosimama mtazamaji. Katika ngano zetu twaandamana na Sungura, na Fisi akiumia hatumwonei huruma, kwa kuwa tumekwisha kuambiwa kwamba ni mlafi. Jones alitufanya tuandamane na mwenye njaa. Ndege hamdhuru, koyote huangamia kwa mitego yake mwenyewe, na kabla ya kuanguka genge hututazama kidogo, kana kwamba atuomba ushahidi.

Mwaka wa 1952, katika Operation: Rabbit, koyote huyo huyo alikutanishwa na sungura Bugs Bunny. Mara akapata ulimi: alijitambulisha kwa jina la Wile E. Coyote, jina lenye maana ya ujanja ndani yake, akajisifu kuwa ana akili zisizo na kifani. Alishindwa vilevile.

Ububu ulikuwa na faida yake katika kazi. Senema hupita kwa picha 24 kila sekunde, hivyo filamu ya dakika sita ni picha 8,640. Mchoro mmoja mara nyingi ulipigwa picha mara mbili, na kwa njia ambayo Earl Hurd aliiombea haki ya uvumbuzi mwaka wa 1914, wanyama walichorwa juu ya karatasi angavu za seluloidi ili mandhari yasichorwe upya. Hata hivyo, mdomo unaosema huongeza kazi, kwani lazima ufuate kila silabi. Jibu la kima kwa papa, likisemwa kwa utulivu, lachukua yapata sekunde tano. Hizo ni picha 120, na papa wakati huo hafanyi lolote ila kusikiliza.