Kulandana Si Kuwa Sawa: Maelezo ya Istilahi Moja

Mtu aliyeichagulia simu yake lugha ya Kiswahili huliona neno hili kila uchao, kando ya mishale miwili inayofukuzana kwa duara: sawazisha. Jina la tendo hilo ni usawazishaji, na muradi wake katika fani ya kompyuta ni kuzifanya nakala mbili au zaidi za waraka mmoja, zilizokaa katika vyombo mbalimbali, ziwe na maneno yale yale na tarakimu zile zile, hata ikiwa baadhi ya wenye vyombo walikuwa nje ya mtandao walipokuwa wakiandika. Wapo waliopendelea ulandanishi, kutokana na kitenzi landa, yaani kufanana na kingine. Azma yangu ni kuyatia maneno haya mawili katika mizani, na jiwe la kupimia ni kisa kilichotukia kati ya Thika na Ruiru.

Chama chetu cha akiba hakina daftari la karatasi. Kina jedwali moja la pamoja katika intaneti, ambalo mweka hazina hulijaza akiwa Makongeni, Thika, na katibu hulijaza akiwa Ruiru, mwendo wa kilomita ishirini hivi. Jumamosi moja mwanachama mmoja alimpa mweka hazina shilingi 2,000 mkononi, naye, ilhali bando lilikuwa limemwishia, akaziandika katika seli ya mwanachama huyo iliyokuwa na sifuri, na simu ikaihifadhi nakala yake kimya kimya. Alasiri ile ile mwanachama yule yule akatuma shilingi 3,000 kwa M-Pesa, na katibu, ambaye kwake stima zilikuwa zimepotea tangu asubuhi na intaneti ya nyumbani imezimika, akaziandika kwenye laptopu yake, katika seli ile ile, ambayo kwake pia ilikuwa ingali sifuri. Usiku mtandao ulipowarudia wote wawili, vyombo vikaamkuana, jedwali likasomeka 3,000 kila mahali, na alama ndogo ya kijani ikatupa bishara kwamba kila kitu kimesawazishwa.

“Sasa mama hazina, zile elfu mbili nilizokupa pale stejini zimeenda wapi?” akauliza mwanachama siku ya mkutano.

“Niliziandika, dada, na nikaziona kwa macho yangu zimekaa.”

Wote wawili walisema kweli, na katibu naye hakuwa na hatia. Mwanachama alikuwa ametoa shilingi 5,000, tarakimu ambayo hakuna aliyepata kuiandika popote.

Hapo ndipo neno linapotuhadaa. Sawa, lililotujia kutoka Kiarabu, lina maana mbili katika vinywa vyetu: ni kulingana, kama pande mbili za mizani, na ni kuwa sahihi, kama tunapoitikia “ni sawa”, basi simu inapotangaza kuwa imesawazisha, yenyewe imekusudia maana ya kwanza, na sisi, kwa mazoea ya lugha, tunapokea ya pili. Landana halina mtego huo, kwa kuwa watu wawili wanaweza kulandana katika kosa, wala neno halidai zaidi.

Istilahi ya Kizungu, synchronization, nayo ina kasoro yake, maana asili yake ni Kiyunani, na ndani yake umo wakati: mambo kwenda pamoja kwa saa moja. Lakini saa ndiyo shahidi dhaifu kuliko wote, kwa sababu saa za vyombo viwili aghalabu huhitilafiana, na tangu mwaka 1978 mwanazuoni wa Marekani, Leslie Lamport, alikwisha kuonyesha kwamba baina ya kompyuta zilizotengana, kutangulia na kufuata hujulikana kwa ujumbe zinaopelekeana, si kwa saa zao. Jedwali letu lilimpa ushindi aliyeandika mwisho. Na hata lingejua bila shaka nani alitangulia, elfu mbili zingepotea vile vile.

Dawa inayomjia kila mtu kwanza ni kufuli: anayeandika afunge, wengine wangoje. Kufuli hufaa walio mtandaoni, lakini aliye nje ya mtandao hana wa kumwambia kuwa mlango umefungwa.

Dawa ya pili ni kuzitunza kauli zote mbili. Programu ya Lotus Notes, iliyotoka mwaka 1989, iliwazoeza watu wa ofisi kufanya kazi kwa nakala zilizotengana na kukutana baadaye. Damien Katz, aliyepata kuifanyia kazi, akaanza mwaka 2005 hifadhidata ya CouchDB kwa mawazo ya jamaa hiyo. Hii, ikikuta nakala mbili zinazopingana, huipa ushindi ile yenye mlolongo mrefu zaidi wa marekebisho, na zikilingana huamua kwa mpangilio wa herufi za vitambulisho vyao, ili kila chombo kifikie hukumu ile ile bila kuulizana; lakini iliyoshindwa haifutwi, hukaa ikingoja mtu aje aitazame. Juu ya msingi huo umejengwa mfumo wa simu wa wahudumu wa afya ya jamii wa Kenya, ambao zaidi ya 100,000 kati yao walikabidhiwa vifaa kuanzia Septemba 2023. Mhudumu aingiaye nyumba kwa nyumba katika mtaa kama Kiandutu, pale Thika, huweza kuandika bila mtandao hata kidogo, na kila ziara huwa taarifa mpya badala ya kuifuta ya jana, kwa hiyo migongano huwa haba.

Hiyo ndiyo dawa ya tatu, na ndiyo kaida ya kale ya wenye maduka: ongeza, usifute. Chama chetu sasa huyapa kila malipo mstari wake, pamoja na herufi za jina la aliyepokea, na jumla hukokotolewa na jedwali lenyewe. Mistari miwili iliyoandikwa gizani, mmoja Makongeni na mmoja Ruiru, ikikutana haigombei kiti.

Rai yangu, basi, ni kwamba tuiachie mashine ulandanishi, na kazi inayobaki tuiite kwa jina tulilo nalo siku zote, suluhu, ambayo tangu hapo ilihitaji watu kukaa na kusikilizana. Kila mwisho wa mwezi katibu husoma mistari kwa sauti, mmoja mmoja, na mwenye fedha huitika. Baada ya kuitika wote ndipo husemwa, “Sawa.”