Java huria: nani huitunza lugha inayobeba takwimu za afya za Bwaise?

Takwimu za wagonjwa wa Uganda hupita katika programu zilizoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java. Toleo huria la lugha hiyo, OpenJDK, hutunzwa na watu walio mbali na Kampala, na kazi yao hufika hadi kwenye zahanati za bondeni.

Bwaise iko kaskazini mwa Kampala, kando ya barabara ya Bombo, katika divisheni ya Kawempe. Ni mtaa wa mafundi wa vyuma na samani, wa maduka ya vipuri, wa vyumba vya kupanga vilivyobanana. Na zaidi ya yote ni mtaa wa bondeni. Mvua ikinyesha kwa saa chache, maji ya mfereji wa Nsooba hupanda na kuingia majumbani, yakichanganyika na ya vyooni. Wakati wa mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 kipindupindu kiliikumba Kampala, na Bwaise ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoumia.

Kwa mtaa wa namna hiyo, hesabu ya wagonjwa si jambo la makarani peke yao. Wagonjwa wa kuhara wakiongezeka katika wiki moja, mamlaka zinapaswa kujua katika wiki hiyo hiyo. Vituo vya afya vya Uganda huandika wagonjwa kwenye vitabu vya rejista, kisha hujumlisha takwimu katika fomu za Wizara ya Afya. Ya wagonjwa wa nje, inayojazwa kila mwezi, hujulikana kwa jina la HMIS 105. Takwimu hizo huingizwa katika mfumo wa kompyuta wa DHIS2, ambao Uganda ilianza kuutumia nchi nzima mwaka 2012. Jirani yake Kenya ilikuwa imetangulia mwaka mmoja kabla.

DHIS2 hutengenezwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, na hutumiwa katika nchi zaidi ya 70. Mfumo mwingine, OpenMRS, hutunza kumbukumbu za mgonjwa mmoja mmoja. Huo ulianza kufanya kazi Eldoret, magharibi mwa Kenya, mwaka 2006, katika kliniki za watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Uganda imeujenga upya kwa mahitaji yake na kuuita UgandaEMR, kazi inayosimamiwa na wataalamu wa Skuli ya Afya ya Umma ya Chuo Kikuu cha Makerere. Mifumo yote miwili ni huria: serikali hailipi leseni ili kuitumia. Na yote miwili imeandikwa kwa Java.

Hapo ndipo swali linapoanza. Programu inaweza kuwa huria, lakini je, lugha iliyoiandika ni ya nani?

Lugha moja, wachapishaji wengi

Mwandishi wa programu huandika maagizo kwa maneno na alama ambazo binadamu anaweza kuzisoma. Kompyuta haizielewi. Inahitaji programu nyingine, kompaila, iyageuze maagizo hayo. Java ina hatua moja zaidi: maagizo yaliyogeuzwa hayaendeshwi na kompyuta moja kwa moja, bali na mashine pepe, yaani programu inayojifanya kompyuta ndani ya kompyuta. Kwa sababu hiyo programu ile ile huweza kufanya kazi kwenye seva kubwa ya wizara na kwenye kompyuta ndogo ya mkononi pasipo kuandikwa upya. Sifa hiyo ndiyo iliyoieneza Java tangu kampuni ya Marekani ya Sun Microsystems ilipoitoa mwaka 1995. Jina lake, kwa njia, limetokana na kahawa. Waganda, ambao nchi yao ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa kahawa barani Afrika, wana haki ya kutabasamu kidogo.

Lugha ya kompyuta na toleo lake ni vitu viwili tofauti. Kanuni za Kiswahili ni zile zile, lakini kamusi zake zimechapishwa na wachapishaji kadhaa, kila mmoja kwa bei yake. Vivyo hivyo, kanuni za Java zimeandikwa katika waraka mmoja, ila kompaila na mashine pepe zinaweza kutengenezwa na yeyote mwenye ujuzi, mradi zifuate waraka huo.

Kwa muda mrefu toleo lililokamilika lilikuwa la Sun peke yake. Mtu aliweza kulitumia bila malipo, lakini si kulirekebisha na kulisambaza apendavyo. Mwaka 1998 wafuasi wa programu huria walianza kuandika maktaba mbadala, GNU Classpath, na kazi ikawa ya kobe: Sun iliongeza mambo mapya kwa kasi kuliko wenzao walivyoweza kuyaiga. Mwaka 2004 Richard Stallman, mwanzilishi wa vuguvugu la GNU, alionya kwamba programu huria inayotegemea Java ya Sun imenaswa mtegoni. Lilikuwa onyo la haki. Ndio mwaka ambao waanzilishi wa OpenMRS walikuwa wakianza kazi yao.

Mtego ulifunguliwa na aliyeutega. Novemba 2006 Sun ilitangaza kwamba itaitoa Java chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu kila mtu kusoma, kubadilisha na kusambaza maandishi ya programu, kwa sharti kwamba naye atawapa wengine uhuru huo huo. Sehemu kubwa ilitolewa mwaka 2007 kwa jina la OpenJDK. Vipande vichache, vikiwemo vya michoro ya herufi na sauti, vilikuwa mali ya kampuni nyingine, kwa hiyo kampuni ya Red Hat ilianzisha mradi wa IcedTea ili kuviziba kwa vipande huria. Mwaka 2008 toleo hilo lilifaulu mtihani rasmi unaothibitisha kwamba Java fulani ni Java kweli.

Mtihani huo umewaangusha wengine. Mradi wa Apache Harmony, uliotaka kuandika Java huria kuanzia sifuri, haukupewa mtihani kwa masharti ambayo ungeweza kuyakubali, na ulifungwa mwaka 2011. Lakini sehemu ya kazi yake ilikwishatumiwa na Google katika simu za Android. Kampuni ya Oracle, iliyoinunua Sun mwaka 2010, iliishtaki Google mwaka huo huo. Kesi ilidumu zaidi ya miaka kumi, hadi Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua, Aprili 5, 2021, kwa kura 6 dhidi ya 2, kwamba Google haikukosea. Kabla ya hukumu, mwaka 2016, Android ilikuwa imekwishahamia kwenye maktaba za OpenJDK. Hivyo simu ya Android inayouzwa leo katika kibanda cha Bwaise imebeba kipande cha kazi hiyo, mwenye nayo ajue asijue.

Bili ya kila mfanyakazi

Mwaka 2019 Oracle ilibadilisha masharti. Marekebisho mapya ya usalama ya Java 8, toleo lililokuwa limeenea kuliko yote, hayakutolewa tena bure kwa matumizi ya biashara. Januari 2023 ikaja hesabu mpya: taasisi inayotaka usajili hulipia kila mfanyakazi wake, awe anatumia Java au la. Kwa taasisi yenye wafanyakazi chini ya 1,000, bei iliyotangazwa ni dola 15 kwa mfanyakazi kwa mwezi. Hospitali yenye watu 200, wakiwemo walinzi na wafagizi, ingedaiwa dola 36,000 kwa mwaka. Hakuna mhasibu wa hospitali ya misheni au wa divisheni ya Kawempe atakayeiweka hesabu hiyo kwenye bajeti huku glavu zimekwisha.

Oracle haikufunga mlango kabisa. Matoleo yake mapya, kuanzia Java 17 ya mwaka 2021, hutolewa bila malipo kwa muda maalumu. Hata hivyo seva ya wizara haibadilishwi kila mara kama simu. Hukaa na toleo moja kwa miaka, na muda wa bure ukiisha, anayehitaji marekebisho lazima alipe au ahame.

Kilichozuia janga ni ile leseni ya mwaka 2006. Mwaka 2019 Red Hat ilichukua uongozi wa kutunza OpenJDK 8 na 11, chini ya mhandisi Andrew Haley, ikishirikiana na kampuni nyingine kama SAP, Azul na Amazon. Watu waliokutana kwanza katika jumuiya za watumiaji wa Java nao walikuwa wamejenga mitambo ya kutengeneza na kupima toleo la bure. Tangu 2021 toleo hilo hutolewa na Taasisi ya Eclipse kwa jina la Temurin. Java 8, iliyozaliwa mwaka 2014, bado inapata viraka zaidi ya miaka kumi baadaye.

Kazi isiyoonekana

Kutunza lugha si kubuni mambo mapya. Ni kazi ya fundi wa paa: hasifiwi mvua isipoingia. Kosa likigunduliwa, hurekebishwa kwanza katika toleo jipya kabisa. Kisha mtu lazima alirudishe rekebisho hilo nyuma, hadi 21, 17, 11 na 8, ambako maandishi ya programu yamekwishatofautiana na kiraka hakikai sawasawa. Viraka vya usalama hutolewa kwa siku moja na watunzaji wote, mara 4 kwa mwaka: Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Kabla ya siku hiyo hufanyiwa kazi kwa siri, ili wahalifu wasipate kuutumia udhaifu ambao bado haujazibwa.

Mfano ulio karibu na Kampala ni wa saa. Sudan Kusini iliamua kurudisha saa zake nyuma kwa saa moja kuanzia Februari 1, 2021. Hadi siku hiyo Kampala na Juba zilikuwa na saa moja. Tangu hapo zimepishana. Java hubeba ndani yake orodha ya saa za dunia nzima, na wahifadhi wa orodha hiyo walitoa rekebisho takriban wiki moja tu kabla ya mabadiliko. Viraka vya Java vya Januari vilikuwa vimekwishatoka. Kwa hiyo seva ambayo haikupewa orodha mpya kando iliendelea kuamini, hadi viraka vya Aprili, kwamba Juba na Kampala ziko sawa. Kwa ratiba ya basi hilo ni usumbufu. Kwa rejista inayoandika saa ambayo mgonjwa alipewa dawa, ni kosa linalokaa ndani ya kumbukumbu.

Kiswahili nacho kimo. Hadi Java 8, orodha ya lugha iliyotumika kwa kawaida katika Java haikuwa na Kiswahili. Kuanzia Java 9 ya mwaka 2017, Java ilihamia kwenye hazina ya kimataifa ya lugha, ambamo Kiswahili cha Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo kila kimoja kina mahali pake, na Kiganda pia. Programu ikiomba jina la mwezi kwa Kiswahili hupewa Januari, bila mwandishi wake kuliandika yeye mwenyewe.

Lipo jambo ambalo wapenzi wa programu huria hupenda kulipitia haraka. OpenJDK si uasi dhidi ya Oracle. Sehemu kubwa ya maandishi mapya bado huandikwa na wahandisi wa Oracle wenyewe, na Oracle ndiyo yenye jina la biashara la Java. Wengine hupokea, hurekebisha, hupima na kusambaza. Wanaolipwa kwa kazi hiyo wengi hulipwa na makampuni yenye maslahi yao, na kampuni hubadili nia. Uhakika uliopo ni wa leseni: maandishi yaliyokwishatolewa hayawezi kurudishwa kabatini.

Afrika Mashariki imechangia zaidi katika ngazi ya juu ya jengo hili kuliko katika msingi. Waandishi wa programu wa Uganda ni miongoni mwa wachangiaji wa muda mrefu wa OpenMRS, na mkutano wa kimataifa wa mradi huo ulifanyika Kampala mwaka 2016. Katika OpenJDK yenyewe, makao ya watunzaji wakuu ni Ulaya na Marekani Kaskazini.

Kompyuta kuukuu

Uamuzi mmoja wa hivi karibuni unawagusa moja kwa moja wanaotuma kompyuta zilizotumika kwa ndugu, shule au kliniki za nyumbani. Kompyuta za zamani zenye prosesa za biti 32 zimeondolewa hatua kwa hatua: Java 24, ya Machi 2025, iliacha Windows ya aina hiyo, na Java 25, ya Septemba 2025, ikaondoa kilichobaki kwa prosesa hizo za Intel na AMD. Watunzaji walisema wazi kwamba kuendelea kuzihudumia kulikuwa kunawachelewesha. Kwao ni hesabu ya haki. Katika ofisi ambayo kompyuta moja hutumiwa hadi ife, inamaanisha kubaki na Java 8 au 17 kwa muda ambao matoleo hayo yataendelea kupata viraka.

Anayetaka kujua hali ya kompyuta kabla ya kuifunga kwenye boksi anaweza kufungua dirisha la amri na kuandika java -version. Ikiwa Java imewekwa, jibu litaonyesha namba ya toleo na mara nyingi jina la aliyelitengeneza, kama Temurin au Red Hat. Katika matoleo mengi mapya litaonyesha pia tarehe. Tarehe ikiwa imepitwa na miezi mitatu au zaidi, huenda kuna viraka ambavyo havijawekwa. Temurin hupakuliwa bila malipo, na ikiwekwa mapema itampunguzia mpokeaji gharama ya bando la intaneti.