Kahawa ya Bujumbura na Kuvu Isiyonuka

Kahawa ya Burundi huvunwa milimani, hasa Kayanza na Ngozi, ila njia yake kuu ya kwenda ng'ambo ilipitia Bujumbura, mji wa joto kando ya Ziwa Tanganyika. Kahawa iliyokaushwa vibaya ikilazwa katika maghala ya mji kama huo, kuvu hupata nafasi.

Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliwalazimisha wakulima kupanda mibuni. Mavuno huanza Machi, masika hayajakatika, na mkulima alimenya, akaosha na kuanika nyumbani kwake, mvua ikimfukuza kila alasiri. Kutoka Usumbura, kama mji ulivyoitwa wakati huo, magunia yalivuka ziwa kwa meli hadi Kigoma, yakapanda treni kwenda Dar es Salaam. Katika bandari hizo mbili Ubelgiji ilikuwa na maeneo yake tangu mapatano ya 1921. Gunia lililobeba unyevu lilisafiri nao hadi baharini.

Wafanyabiashara waliijua kahawa yenye uvundo kwa pua. Sumukuvu, hata hivyo, hainuki wala haionekani. Okratoksini A ilitambuliwa Afrika Kusini mwaka 1965, na katika muongo uliofuata ikagunduliwa ndani ya kahawa. Hutolewa na kuvu kama Aspergillus ochraceus, hudhuru figo, na mwaka 1993 iliorodheshwa miongoni mwa vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Kukaanga huipunguza bila kuimaliza. Isichanganywe na ladha ya kiazi, kasoro maarufu ya kahawa ya Burundi na Rwanda, ambayo huhusishwa na mdudu antestia.

Kinga kubwa zaidi ilijengwa milimani, kabla kahawa haijateremka mjini. Vituo vya kuoshea vilivyoenea katika miaka ya 1980 na 1990 vilileta vitanda vya kuanikia, ambapo kahawa hugeuzwa na kufunikwa mvua ikinyesha, hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 12.5. Kazi hiyo ya mikono, inayofanywa zaidi na wanawake, inastahili sifa kuliko mashine yoyote ya kukoboa.

Kisha vita vikaja, na Julai 1996 nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya biashara vilivyodumu hadi Januari 1999. Kwa zao linaloharibika kwa kungojeshwa, hilo lilikuwa pigo zito. Amani iliporejea, masharti ya soko yalikuwa yamekaza: mwaka 2005 Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha mikrogramu 5 za okratoksini kwa kilo ya kahawa iliyokaangwa, na mwaka 2022 ukakishusha hadi 3.