Tetemeko Lisilo na Mnara: Ufipa na Katavi, 1910

Jumanne ya tarehe 13 Desemba 1910, yapata saa nane na nusu mchana kwa saa za leo, kusini-magharibi mwa Tanzania, nchi iliyokuwa wakati huo chini ya Wajerumani, kulitokea tetemeko la ardhi ambalo wataalamu wamelikadiria kuwa na ukubwa wa 7.4, nalo limo miongoni mwa matetemeko makubwa kabisa ya karne ya 20 barani Afrika. Tetemeko la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016, lililoua watu, lilikuwa na ukubwa wa 5.9, na kwa kuwa kila namba moja ya kipimo cha ukubwa huongeza nguvu mara 30 hivi, lile la 1910 lililizidi zaidi ya mara 100. Hata hivyo Bukoba inakumbukwa, na Rukwa, ambalo ndilo jina tetemeko hilo lilipewa vitabuni, imesahauliwa.

Sababu mojawapo ni kwamba hapakuwa na mji wa kuanguka. Mji wa Mpanda huko Katavi ulikua miongo mingi baadaye, kwa madini ya risasi ya Mukwamba na reli ya kutoka Kaliua, na Mkoa wa Katavi ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Nyumba nyingi za vijijini zilikuwa za miti na fito, zimekandikwa udongo na kuezekwa nyasi, na nyumba ya namna hiyo hupinda na kumwaga udongo wake kabla ya kulala chini, tofauti na ukuta wa tofali ambao hupasuka na kumwangukia aliyemo. Isitoshe, Desemba ni mwezi wa kilimo, na mchana watu wengi huwa shambani. Kukandika upya ni kazi ya siku chache ya jamaa na majirani, isiyohitaji kamati wala mchango wa serikali, na kwa hiyo haizai faili.

Kumbukumbu za tukio hilo zikabaki mikononi mwa wengine. Vipimatetemeko vingi vya zama hizo, yaani mashine zinazonakili mitikisiko ya ardhi, vilikuwa na sindano iliyokwaruza mstari mweupe juu ya karatasi iliyofukizwa masizi, ambayo baadaye ilipakwa vanishi ili mchoro usifutike kwa kidole. Kipimo cha kwanza cha ukubwa wa matetemeko kilibuniwa mwaka 1935, kwa hiyo 7.4 ni hesabu iliyofanywa kwa kurudi kwenye karatasi za namna hiyo. Shajara, yaani daftari za matukio ya kila siku, zilikuwa wajibu wa kila misheni ya Mapadri Weupe kwa agizo la mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, na ziliandikwa kwa Kifaransa. Mwaka 1991 Nicholas Ambraseys, mhandisi aliyezoea kusoma barua na magazeti ya kale kwa makini ya mwanahistoria, alichapisha uchunguzi wake kuhusu tetemeko la Rukwa. Mwaka 1997 wanajiolojia Vittori, Delvaux na Kervyn wakaeleza ufa wa Kanda, magharibi mwa Bonde la Rukwa, ambao unadhaniwa kuwa chanzo chake.

Ikiwa tetemeko hilo litaadhimishwa siku moja, kwa upande wa Katavi mahali panapofaa zaidi kuanzia ni Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako Wabelgiji walijenga ngome mwaka 1879 na kuwaachia Mapadri Weupe mwaka 1885. Adrian Atiman, tabibu na katekista aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, alifika huko 1889 na kutibu watu hadi alipofariki 1956. Alikuwa mtu wa Karema kwa zaidi ya miaka 20 tetemeko lilipotokea.

Sanaa nayo ina chakula chake hapa, ingawa si lazima iwe sanamu ya saruji kwenye mzunguko wa barabara. Mwanaanthropolojia Roy Willis alichapisha mwaka 1978 kitabu kizima kuhusu sanaa ya masimulizi ya Wafipa, wenyeji wa Ufipa, na bado kuna malungu, matanuri marefu ya udongo wa kichuguu ambamo Wafipa waliyeyusha chuma. Tanuri kama hilo, ikithibitika kwamba lilijengwa kabla ya 1910 na bado limesimama wima, humwambia mhandisi mtikisiko wa siku ile ulikomea kiwango gani mahali pale, jambo ambalo karatasi ya masizi iliyoko Ulaya haiwezi kulisema.