Ziwa Tanganyika: Kwa nini upepo ndio unaoamua kitoweo cha Bujumbura

Katika usiku usio na mbalamwezi, anayesimama ufukweni Bujumbura na kutazama upande wa Uvira huona taa nyingi zikielea gizani, kana kwamba mji mwingine umechipuka juu ya maji. Ni taa za wavuvi wa ndagala, dagaa wa Ziwa Tanganyika, kitoweo cha matajiri na maskini wa mji huo. Taa hizo zikikosekana ilhali mwezi haupo angani, wenyeji hawahitaji kuambiwa: ziwani kuna upepo.

Kwa vizazi kadhaa wavuvi wa Burundi wameishi kwa kalenda mbili, ya mwezi na ya pepo za msimu. Ya kwanza haijabadilika. Mwezi unapokaribia kuwa mpevu, nuru yake huwatawanya samaki, taa za mashua hukosa nguvu ya kuwavuta, na wavuvi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Kalenda ya pili, iliyokuwa ikiwaambia lini ziwa litatoa na lini litanyima, ndiyo inayozidi kuwapotosha.

Ziwa kubwa, makazi madogo

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 na kina kinachofikia mita 1,470. Duniani kote ni Ziwa Baikal la Urusi pekee linalolizidi kwa kina. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo inamiliki takriban asilimia 45 ya eneo lake, Tanzania asilimia 41, Burundi asilimia 8 na Zambia asilimia 6.

Ukubwa huo, hata hivyo, unadanganya. Samaki hawaishi katika kina chote. Katika maji ya kaskazini, mbele ya Bujumbura, oksijeni huisha mnamo mita 100 hivi kutoka juu, na kusini kabisa, upande wa Zambia, hushuka hadi karibu mita 200. Chini ya hapo hakuna samaki anayeweza kupumua. Lakini ni huko chini ambako virutubisho vya ziwa vimetuama, kwa sababu kila kiumbe kinachokufa juu huzama navyo. Hali hiyo inafanana na shamba ambalo udongo wake wenye rutuba umefukiwa mbali na mizizi ya mimea. Ili samaki wapate chakula, lazima kitu fulani kiyapandishe maji ya chini, na kitu hicho ni upepo.

Kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa wingi juu ya ziwa na kuyasukuma maji ya juu, yenye joto, kuelekea Burundi. Maji hayo hurundikana kaskazini, na kusini, karibu na Mpulungu, maji baridi ya chini hupanda kuziba nafasi. Upepo ukikoma, maji yaliyorundikana hurejea. Mpaka kati ya tabaka la joto na tabaka la baridi huanza kuyumba polepole, mithili ya maji ndani ya beseni lililobebwa na mtu anayetembea. Yumbo moja huchukua takriban wiki tatu hadi tano. Kwa juu ziwa linaweza kuonekana shwari, ilhali chini mpaka huo unapanda na kushuka kwa makumi ya mita.

Mawimbi hayo yasiyoonekana ndiyo yanayoyaletea maji ya kaskazini sehemu ya rutuba yake. Mwani humea, wadudu wadogo wa majini huula mwani, ndagala huwala wadudu hao, na mukeke, anayeitwa mgebuka upande wa Kigoma, huwafuata ndagala. Wataalamu waliyafahamu mengi ya haya kupitia mradi wa utafiti wa ziwa hilo ulioanza mwaka 1992 chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, kwa ufadhili wa Finland, makao yake yakiwa Bujumbura.

Ndagala huishi takriban mwaka mmoja tu. Kwa hiyo ziwa halina akiba ya samaki wakubwa wa kuwavusha watu katika msimu mbaya. Upepo ukiwa dhaifu mwaka huu, pengo huonekana sokoni baada ya miezi michache.

Kutoka mienge ya moto hadi taa za sola

Kuvua kwa mwanga si jambo jipya. Muda mrefu kabla ya taa za mafuta, wavuvi wa ziwa hilo walitoka usiku na mienge iliyowashwa kwenye mitumbwi, wakiwazoa dagaa kwa lusenga, wavu wa mfuko wenye mpini mrefu. Mageuzi makubwa yalikuja katika miaka ya 1950, pale wafanyabiashara wa asili ya Kigiriki walipoingiza meli za nyavu za kuzungushia, na wakati huohuo ukaenea uvuvi wa mashua mbili zilizounganishwa kwa maboriti. Meli zile zilififia katika maji ya Burundi kadiri samaki walivyopungua. Mashua pacha zimebaki.

Kazi yenyewe inahitaji subira. Wavu mpana hushushwa chini ya mashua hadi makumi ya mita, taa huwashwa juu yake, kisha wavuvi husubiri kwa saa kadhaa hadi samaki wakusanyike, ndipo wavu unapovutwa juu kwa pamoja. Wengine huvua mukeke kwa mshipi wa mkono wenye ndoana kadhaa zilizofungwa manyoya badala ya chambo. Mshipi huchezwa juu na chini, na samaki huyarukia manyoya akidhani ni dagaa anayekimbia.

Njia zote hizi ni mateka wa hali ya hewa. Upepo ukiongezeka, mashua husukumwa na wavu hubaki nyuma ukiwa umelala upande, samaki wakatoroka. Mvua ikinyesha, matone ya baridi huipasua kioo cha karabai iliyopata moto, na usiku huwa umekwisha hata kama dhoruba haikufika. Taa za sola zimeondoa tatizo hilo la mwisho. Hazikuondoa lile la kwanza.

Dhoruba inayoshuka mlimani

Bujumbura iko mita 770 na ushei juu ya usawa wa bahari, na nyuma yake milima inapanda hadi zaidi ya mita 2,000. Mchana, upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku, hewa iliyopoa mlimani hushuka kuelekea majini. Mvuvi mzoefu hutumia mpangilio huo: upepo wa nchi kavu humsaidia kutoka, na upepo wa ziwa humrudisha.

Katika msimu wa mvua mpangilio huo huvunjwa na radi. Mawingu hujengeka juu ya milima ya pande zote mbili za bonde, na upepo wa ghafla unaotangulia mvua huweza kuyafikia maji kabla mvuvi hajamaliza kuvuta wavu. Ukanda huu si wa kawaida kwa radi. Orodha iliyotolewa na wanasayansi mwaka 2016 kutokana na vipimo vya setilaiti iliitaja Kabare, katika Kivu Kusini, kuwa ya kwanza barani Afrika kwa wingi wa radi, ikiwa na zaidi ya miale 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka.

Hatari hiyo haiwahusu wavuvi peke yao. Mwezi Desemba 2014 meli ya abiria MV Mutambala ilipinduka upande wa Congo na kuua watu zaidi ya 120. Upepo mkali na kujaza abiria kupita kiasi vilitajwa miongoni mwa sababu.

Nchini Burundi, utabiri wa hali ya hewa ni jukumu la taasisi ya IGEBU. Mvuvi, hata hivyo, anahitaji utabiri wa aina yake: si kwamba mvua itanyesha mkoani kesho, bali kwamba upepo utageuka ziwani kabla ya alfajiri. Huduma ya namna hiyo ilijaribiwa katika Ziwa Victoria, ambako mradi wa HIGHWAY wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani uliwezesha wavuvi kupata utabiri wa upepo na mawimbi kwa kila eneo la ziwa, wa mchana na wa usiku. Ziwa Tanganyika, ambalo ni refu zaidi na limebanwa na milima, linahitaji huduma kama hiyo pengine kuliko hata Victoria.

Maji yanapopata joto

Mwaka 2003 watafiti walichapisha katika jarida la Nature makadirio kwamba uzalishaji wa mwani ziwani ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 20, jambo ambalo lingeweza kupunguza mavuno ya samaki kwa asilimia 30 hivi. Sababu waliyoitaja ni rahisi kueleza. Maji ya juu yakipata joto zaidi huwa mepesi zaidi, na upepo uleule hushindwa kuyachanganya na ya chini. Utafiti mwingine, wa mwaka 2010, ulionyesha kwamba joto la maji ya juu lilikuwa limefikia kiwango kisichoonekana kwa miaka 1,500. Mwaka 2016, uchunguzi wa mabaki ya samaki katika tope la ziwa ulibainisha kwamba kupungua kulianza hata kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara.

Hilo haliwaondolei lawama wenye nyavu za matundu madogo zinazozoa vifaranga karibu na ufukwe. Linaonyesha tu kwamba hata wavuvi wote wakitii sheria, sehemu ya tatizo itabaki mahali pasipofikiwa na doria.

Ufukwe unaohama

Wakati rutuba inakwama chini, maji yenyewe yamekuwa yakipanda. Ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga ulioko Congo, na sehemu kubwa ya maji yake hupotea kwa mvuke. Kwa sababu hiyo, mvua za miaka michache mfululizo hutosha kulijaza. Ndivyo ilivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ndivyo ilivyotokea tena baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2019. Aprili 2020 mto Rusizi ulivunja kingo zake na kufurika Gatumba, magharibi mwa Bujumbura, na mwaka 2024 maji yaliingia tena katika makazi na katika bandari ya mji.

Kwa wavuvi, maji yakipanda hufunika mialo. Kwa wanawake wanaonunua na kuanika ndagala, hufunika mchanga wa kuanikia, na mvua huozesha kile kilichobaki. Huko Mvugo, kusini mwa nchi, FAO ilisaidia kueneza vichanja vya wavu wa chuma vilivyoinuliwa kutoka ardhini. Juu ya vichanja hivyo, kwa maelezo ya shirika hilo, ndagala hukauka kwa takriban saa nane badala ya siku tatu. Anga ikibadilika ghafla, saa nane zinaweza kupatikana. Siku tatu ni bahati nasibu.

Miezi mitatu ya mapumziko

Nchi nne zinazolizunguka ziwa zilitia saini mkataba wa usimamizi wake jijini Dar es Salaam mwaka 2003, na mamlaka iliyoundwa kuusimamia ina makao yake Bujumbura. Baadaye zilikubaliana kulipumzisha ziwa kwa miezi mitatu kila mwaka ili samaki wazaliane. Tanzania ilifunga uvuvi katika eneo lake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024.

Tarehe hizo zinaangukia katikati ya msimu wa upepo wa kusini, ambao pia ndio msimu wa jua: miezi migumu kwa mashua, lakini bora kuliko yote kwa wanaoanika. Anayeishi kwa wavu hupoteza usiku ambao mwingi wake ungekuwa na mawimbi. Anayeishi kwa kichanja hupoteza siku za jua lisilo na shaka, na soko linapofunguliwa tena Agosti, mvua za Septemba huwa zimebakiza wiki chache tu kuanza.