Nyumba ya Ua kwa Matofali ya Kufungamana: Yale ya Kujua Kabla ya Kuchimba Msingi

Ukipita leo Mtwapa, Ukunda, Kilifi au Malindi utaona nyumba nyingi mpya zikijengwa kwa mtindo mmoja. Kiwanja cha futi 50 kwa 100, nyumba katikati, ukuta wa mawe kuzunguka, na baina ya nyumba na ukuta ujia mwembamba usiofaa lolote ila kuanika nguo na kuweka tangi. Ndani, mapazia yamefungwa mchana kutwa kwa kuogopa macho ya jirani, na feni haipumziki. Wazee wetu walikuwa na njia nyingine: uwazi waliuweka ndani ya nyumba badala ya kuuzungusha nje. Makala haya nayaandika kwa anayetaka kurudi kwenye ua, lakini kwa tofali la leo, tena asidanganywe na muuzaji wala asibomoe baada ya mwaka.

Ua wa zamani ulifanya kazi gani

Mfano ulio wazi zaidi uko Lamu, mji wa kale ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Unaanza na daka, penye mabaraza ya kukalia. Ukivuka mlango unaingia tekani, kisha kiwanda, yaani ua wenyewe ulio wazi juu. Kutoka kiwandani ndipo unapofika kwenye misana na vyumba vya ndani. Mpangilio huo una maana. Mgeni anayebisha hodi haoni kinachoendelea ndani, na wa ndani hawalazimiki kukaa gizani ili wasionekane. Nyua kama hizo zimo pia katika magofu ya Gede, karibu na Watamu, kwa hiyo si jambo la Lamu peke yake.

Kuta zile zilikuwa za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake yapata nusu mita. Dari zilishikwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliofanya vyumba viwe virefu lakini vyembamba, upana usiozidi mita 3 hivi. Nataka msomaji akumbuke mambo hayo mawili, unene wa ukuta na upana wa chumba, kwa sababu tofali jipya linabadilisha la kwanza na linapatana vizuri na la pili.

Tofali lenyewe

Tofali la kufungamana, au la intaloki kama wengi wanavyoliita, lina vichwa vinavyotokeza juu na mashimo yanayovipokea chini, ili kila moja likae mahali pake juu ya lililotangulia. Lile ninalolitumia kwa mfano hapa lina urefu wa milimita 300, upana 150 na kimo 100. Urefu ni upana mara mbili, hivyo kona inageuka bila kukata. Mita moja ya mraba ya ukuta inakula matofali 33 na kidogo.

Yako ya aina mbili. Moja ni ya udongo mwekundu uliochanganywa na simiti kidogo na kushindiliwa kwa mashine. Nyingine ni ya zege: simiti, vumbi la kokoto na mchanga. Kwa nyumba iliyo karibu na bahari mimi nachagua zege. Udongo ni rahisi na unapoza, lakini unataka paa lenye ukingo mpana na msingi ulioinuka, maana mvua inayorusha maji ukutani kila mwaka huula taratibu.

Mchanga wa baharini usitumike kabisa. Chumvi yake hutokeza nje ya ukuta kama unga mweupe, na ikifika kwenye chuma hukitafuna mpaka zege lipasuke.

Chora kwa hesabu ya tofali

Faida kubwa ya tofali hili hupotea pale mchoro usipolifuata. Kila kipimo, kuanzia chumba na mlango hadi dirisha na ua, kiwe kinagawanyika kwa milimita 150, na cha kwenda juu kwa 100. Mlango wa mita 2.1 ni kozi 21 kamili. Dirisha la mita 1.2 ni matofali manne. Anayechora dirisha la mita 1.27 amemwagiza fundi akate, na tofali lililokatwa limepoteza kufungamana kwake.

Tuchukue mfano. Ua wa mita 3.6 kwa 4.5, vyumba vyenye upana wa mita 3 kuuzunguka pande zote nne. Ukijumlisha kuta, nyumba nzima inakuwa na upana wa mita 10.2, sawa na matofali 34, na urefu wa mita 11.1, sawa na matofali 37. Katika kiwanja cha futi 50 kwa 100 inabaki kama mita mbili na nusu kila ubavu. Sehemu iliyoezekwa ni mita 97 za mraba: sebule na daka mbele, vyumba vya kulala pembeni, jiko na vyoo nyuma.

Kuta za nje, kuta za ua na kuta tano za kugawa vyumba, kwa kimo cha mita 2.7, zinafika kama mita 200 za mraba. Toa 30 za milango na madirisha, ongeza asilimia 5 ya yatakayovunjika, na unahitaji karibu matofali 6,000. Hesabu hii ifanye kabla hujamwona muuzaji.

Jinsi ya kujenga

Kozi ya kwanza ndiyo nyumba. Inalazwa juu ya mota, kwa uzi na pima maji, na haisogei mpaka iwe sawa pande zote. Kuanzia hapo matofali hupangwa makavu, na hakuna mota nene ya kuficha kosa. Ukikosea milimita 5 chini, kosa litapanda nawe mpaka kwenye linta.

Pili, usimsikilize anayekwambia tofali hili halihitaji chuma. Ukuta uliopangwa mkavu unabeba vizuri mzigo unaokuja kutoka juu, lakini ni dhaifu kwa nguvu inayousukuma kwa ubavu. Kwenye kila kona, kila makutano ya kuta, na pande zote mbili za mlango na dirisha, shusha chuma katika tundu la tofali kutoka juu hadi msingini na ulijaze zege laini. Juu ya madirisha uzungushe bimu ya zege iliyofungwa vyuma, ipite kuta zote bila kukatika, na za ua pia. Nyumba ya ua ina kuta nyingi fupi na kona nyingi, na bimu hiyo ndiyo inayozishika zikawa kitu kimoja.

Tatu, mabomba ya umeme yapitishwe katika matundu ukuta unapopanda. Ukisubiri mpaka mwisho, fundi wa umeme atauchimba ukuta na kuvunja kilichokufanya ununue tofali hili.

Jua, upepo na mvua

Ukuta wa milimita 150 si ukuta wa nusu mita. Ukipigwa na jua la Januari, jioni joto liko ndani. Kwa hiyo kivuli kifanye kazi ambayo unene ulikuwa ukiifanya. Rudisha msana: kibaraza chenye paa upande wa ua, upana wa mita 1.2 au 1.5. Katika mfano wangu utakula nafasi, basi uupanue ua au uuweke upande mmoja tu, ule unaopigwa na jua la alasiri. Kuta za mashariki na magharibi ziwe na madirisha madogo, na nje zipakwe chokaa nyeupe.

Upepo wetu una misimu. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, hivyo pepo zote mbili hutoka upande wa bahari. Kila chumba kiwe na tundu la kuingiza upepo kwa nje, hata kama ni safu ya matofali yenye matundu juu ya usawa wa macho, na tundu kubwa la kuutolea uani. Chumba chenye dirisha upande mmoja tu hakitapoa hata kikiwa katika nyumba ya ua.

Mvua ndiyo inayowashinda wengi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Mapaa yote yakiinamia ndani, nyumba ya mfano inakusanya mita 113 za mraba pamoja na ua, na mvua ya masika ya milimita 50 itamwaga lita zaidi ya 5,600 katika ua mmoja mdogo. Sakafu ya ua ishuke angalau sentimita 15 chini ya sakafu ya vyumba, na bomba la inchi 4 lipite chini ya sebule kwenda nje, lizikwe kabla slabu haijamwagwa. Mimi ningeliweka la pili, kwa siku ambayo majani yataziba la kwanza. Maji ya paa yaelekeze kwenye tangi au birika, maana anayenunua maji kwa mtungi anajua thamani ya lita 5,000.

Kumpima muuzaji

Panga matofali 10 moja juu ya jingine. Yakifika mita 1 kamili, mashine yake ni nzima. Rudia kwa mengine 10 kutoka rundo jingine, na vimo vikitofautiana, ondoka. Gonganisha mawili: lililoiva hulia, bichi hufanya kishindo kizito. Mwulize pia mfuko mmoja wa kilo 50 anatoa matofali mangapi. Tofali likiwa na kilo 9, matofali 50 ni kilo 450, basi simiti ni sehemu moja kati ya tisa. Akikwambia anatoa 100, simiti imekuwa sehemu moja kati ya kumi na nane, na wewe unanunua vumbi lililobanwa. Angalia kama yanamwagiwa maji kivulini kwa siku 7 au zaidi. Tofali lililoachwa juani siku ya kwanza limekauka kabla ya kuiva, na halitapona. Nguvu yake kamili hupimwa likifika siku 28.

Karatasi

Mchoro wa jengo na wa muundo upitishwe na kaunti, na mradi uandikishwe kwa NCA. Uliza mapema kaunti yako inataka nafasi gani kati ya nyumba na mpaka, kwani nyumba ya ua hunyoosha kuta zake karibu na jirani. Kwa walio ndani ya Mji wa Kale wa Lamu, Makavazi ya Kitaifa lazima yahusishwe kabla hata jiwe moja halijaguswa.

Watu wengi huchora vyumba kwanza, kisha hutafuta ua mahali palipobaki. Wanachopata ni kishimo cha kuingizia mwanga. Fanya kinyume: chora ua, amua mama atakaa wapi akikuna nazi, watoto watachezea wapi saa kumi jioni, na mgeni atasimama wapi bila kuwaona. Vyumba vipange baada ya hapo, tofali kwa tofali.