Jinsia au Ngeli? Historia ya Istilahi Moja katika Kufundisha Sarufi ya Kiitaliano

Mtanzania anayeanza kujifunza Kiitaliano hukutana na kizuizi kabla hajalifikia neno la kwanza la lugha hiyo. Vitabu vingi vya wanaoanza vimeandikwa kwa Kiingereza, na hata mwalimu anapofundisha kwa Kiswahili, istilahi zake mara nyingi ni tafsiri ya zile zilizomo katika vitabu hivyo. Makala haya yanachunguza istilahi moja tu, ile inayotaja makundi ya nomino, na kuuliza kama neno *jinsia* linamfaa mwanafunzi ambaye lugha yake ya kwanza ni ya Kibantu. Kwa kielelezo tutamfikiria mwanafunzi wa Chumbi, wilayani Rufiji, anayekua akisikia Kindengereko na Kiswahili pamoja.

Huenda msomaji akauliza Chumbi na Italia zina uhusiano gani. Uhusiano upo, na umeletwa zaidi na kazi. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Kigamboni, kilichoanza kazi mwaka 1966, kilikuwa cha ubia wa Tanzania na Italia, na jina lake, TIPER, lilizitaja nchi zote mbili. Bomba la mafuta la TAZAMA, kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilijengwa na kampuni ya Kiitaliano, Snamprogetti, na kukamilika mwaka 1968. Mwaka 1974 kampuni ya AGIP, nayo ya Italia, iligundua gesi asilia Songo Songo, kusini mwa delta ya Rufiji. Bomba la gesi hiyo, lililokamilika mwaka 2004, hutoka baharini Somanga na kukata ardhi ya Rufiji kuelekea Dar es Salaam. Chumbi iko kusini mwa mto, katika ukanda huo huo wa njia ya Kilwa na Lindi, ambao Daraja la Mkapa liliuunganisha na kaskazini mwaka 2003. Tukiongeza misheni za Konsolata katika Mkoa wa Iringa na hoteli za Unguja zinazopokea watalii wa Kiitaliano, tunaona kuwa kijana wa Rufiji anayetafuta riziki anaweza kukutana na lugha hiyo pande nyingi.

Daraja la lugha hizi mbili lilianza kujengwa kutoka upande wao. Padri Vittorio Merlo Pick wa Shirika la Konsolata aliwatungia Waitaliano sarufi ya Kiswahili na kamusi ya lugha zote mbili. Kazi ya kujenga kutoka upande wetu ni yetu wenyewe, na inaanza na istilahi.

Katika matamshi hakuna shida kubwa. Irabu za Kiitaliano hazimtishi Mswahili, na mkazo wa maneno mengi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo kwetu. Mtego uko katika herufi. Mwitaliano akiliona jina *Chumbi* katika ramani atalisoma "Kumbi", kwa kuwa kwake *ch* ni sauti ya *k*. Ili atamke sawasawa ingebidi aandikiwe *Ciumbi*. Ndiyo sababu ramani za Kiitaliano za Somalia ziliuandika mji wa Kismayu *Chisimaio*. Mwanafunzi akielezwa hivyo siku ya kwanza, jambo hilo limekwisha.

Shida yenyewe iko katika nomino. Kiitaliano husema *il libro rosso*, kitabu chekundu, na *i libri rossi*, vitabu vyekundu. Husema pia *la casa rossa*, nyumba nyekundu, na *le case rosse*, nyumba nyekundu zikiwa nyingi. Nomino inabadilika, kijineno kinachoitangulia kinabadilika, na kivumishi nacho kinafuata. Mwanafunzi wa Chumbi anaujua mwendo huu tangu utotoni: *kitabu changu chekundu kimeanguka, vitabu vyangu vyekundu vimeanguka*. Lakini mwalimu anamwambia kwamba kitabu ni "cha kiume" na nyumba ni "ya kike". Papo hapo ujuzi aliokuja nao unawekwa kando, naye anaanza kutafuta uume katika kitabu.

Historia ya istilahi yenyewe inaonyesha kuwa hapakuwa na haja ya kumpeleka huko. Waitaliano huita makundi haya *genere*, kutokana na neno la Kilatini *genus*, lenye maana ya ukoo, aina au namna. Neno la Kiarabu *jins*, ambalo wataalamu hulinasibisha na *genos* la Kiyunani, lina maana hiyo hiyo ya aina, nalo ndilo lililotupatia *jinsi*, kama tusemavyo "jinsi ya kupika". Katika Kiswahili cha leo *jinsia* limeegemea upande wa uume na uke wa viumbe, na maana ya aina imefifia. Neno *ngeli*, ambalo wanasarufi hulinasibisha na Kihaya, nalo lina maana ya aina. Basi maneno matatu kutoka Roma, Arabuni na Kagera yalianza na wazo moja, na lililobaki karibu zaidi na wazo hilo katika sarufi yetu ni *ngeli*.

Wataalamu wa zamani waliliona jambo hili. W. H. I. Bleek, ambaye sarufi yake linganishi ilianza kutolewa mwaka 1862, aliziweka lugha za Kibantu na lugha zenye kiume na kike katika kundi moja pana la lugha zenye upatanisho. Alitofautisha kwamba za kwanza hutumia viambishi awali, na za pili viambishi tamati.

Istilahi hupimwa kwa mifano migumu. Kiitaliano husema *l'uovo fresco*, yai bichi, na *le uova fresche*, mayai mabichi. Katika umoja neno hili hufuata kundi la *libro*; katika wingi hufuata kundi la *casa*. Mwenye kutumia *jinsia* atalazimika kusema kwamba yai ni dume likiwa moja, na jike yakiwa mengi. Mwenye kutumia *ngeli* hana la kushangaa, kwani *ukuta huu* una ngeli yake katika umoja, lakini *kuta hizi* hupatana sawasawa na *nyumba hizi*.

Sababu ya kihistoria nayo inafanana. Kilatini kilikuwa na makundi matatu. La tatu lilipokufa, nomino zake nyingi ziliingia katika kundi la *libro*, lakini wingi wake wa *-a* ulibaki katika maneno machache kama *uova* na *braccia*, mikono. Kwetu pia ngeli zimeungana: lugha nyingi za Kibantu hutofautisha *lu-* na *bu-*, ilhali Kiswahili Sanifu kimezikusanya zote chini ya *u-*.

Mfano wa pili ni *la guardia*, mlinzi. Neno hili hubaki katika kundi la *casa* hata mlinzi akiwa mwanamume mwenye ndevu. Hapa mwanafunzi wa Rufiji ataona tofauti ya kweli: kiboko wa mtoni ana umbo la KI, lakini kwa kuwa ana uhai tunasema *kiboko mkubwa amepita*. Kiitaliano hakimpi *guardia* nafuu hiyo. Mfano wa tatu ni *Lei*, neno ambalo kwa asili ni "yeye" wa kike, lakini hutumika kumwambia kwa heshima mtu yeyote, awe bwana au bibi.

Hoja za upande wa pili zipo, na hazifai kupuuzwa. Kwanza, *figlio* ni mtoto wa kiume na *figlia* wa kike. Hapo maumbile na sarufi vinakwenda pamoja. Pili, waliosoma nahau ya Kiarabu wamezoea kutenga maneno ya kiume na ya kike. Tatu, mwanafunzi atakayeendelea na vitabu vya kigeni atayakuta majina hayo. Hoja hizi zinatutaka tulihifadhi neno *jinsia* kwa nomino za watu na wanyama, na tumweleze mwanafunzi kwamba Waitaliano wenyewe huziita ngeli zao kwa majina ya kiume na kike. Hazitulazimishi kuligeuza jina hilo kuwa mlango wa somo.

Haifai pia kumwahidi mwanafunzi zaidi ya kilichopo. Kiswahili huweka alama ya ngeli mwanzoni mwa neno, Kiitaliano mwishoni. Nomino zinazoishia kwa *-e* hazijitangazi: *il fiore*, ua, ni ya ngeli moja, na *la chiave*, ufunguo, ni ya nyingine. Kwa hiyo kijineno kitanguliacho, ambacho Kiswahili hakina mfano wake, lazima kikaririwe pamoja na nomino.

Kwa kuhitimisha, tunapendekeza mambo matatu yafikiriwe katika kusanifu istilahi za kufundishia lugha za aina hii. Makundi ya nomino yaitwe *ngeli*, nayo yaorodheshwe kwa jozi za umoja na wingi: *il* na *i* kwa *libro*, *la* na *le* kwa *casa*, kisha jozi ya mchanganyiko ya *uovo*. Neno *jinsia* libaki kwa viumbe. Na *il*, *la* na wenzake waitwe *vitangulizi*, jina linaloeleza mahali pao bila kudai zaidi. Mwanafunzi wa Chumbi hutumia upatanisho wa kisarufi kila afunguapo kinywa. Istilahi zinazomfundisha Kiitaliano zianzie hapo.